Shada kwenye Picha ya Injinia

Picha ilifika kwenye simu ya Hemlata akiwa jikoni anachemsha maziwa. Ilikuwa picha ya mumewe. Alikuwa amevaa koti la kijivu, lile la harusi ya mtoto wao Nimesh, naye anatazama kando kama mtu aliyeitwa na mwingine wakati akipigwa picha. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: TUNASHEREHEKEA MAISHA NA KAZI YA INJINIA JASHBHAI, 1974–2025. Ukumbi wa Akina Mama, Gatitu. Leo saa sita. Na kuizunguka picha, kutoka pembe moja ya juu hadi nyingine, lilining'inia shada la maua ya manjano.

Maziwa yalifurika, yakazima moto. Hemlata hakuyatazama. Katika nyumba za watu wake, picha ya mtu huvishwa shada akishakufa, na tangu siku hiyo shada haliondoki. Sebuleni kwao, juu ya televisheni, baba mkwe wake alikuwa na shada lake la msandali tangu majivu yake yalipomwagwa.

Bafuni, marehemu alikuwa akipiga mswaki kwa kelele.

"Baba Nimesh!"

"Niko na povu!"

"Toka na povu lako nikuone."

Jashbhai alitoka, fulana imelowa kifuani. Alishika simu kwa mbali, kisha kwa karibu, halafu akacheka mpaka povu likamrukia mkewe.

"Wamenivisha maua," alisema. "Mimi!"

"Usicheke."

"Sasa nilie? Anayelia ni yule aliyebaki." Alimtazama mkewe usoni, kicheko kikamwishia. Jashbhai hakujua amshike au arudi akasukutue mdomo. Alirudi akasukutua mdomo.

Chai haijapoa, simu zilianza. Ya kwanza ilitoka Nanyuki kwa Hiren, binamu yake Jashbhai.

"Hemlataben, tumesikia. Tunakuja."

"Msije, bhai. Yuko hapa."

"Bado yuko nyumbani? Basi tutafika kabla hajatolewa."

"Anakula mkate!"

"Nani anakula mkate?"

"Yeye."

"Hemlataben," Hiren alisema polepole, kwa sauti ya kumwongelesha mtu aliye ukingoni mwa paa, "keti chini. Kaa mbali na moto. Kuna mtu hapo karibu na wewe?"

Jashbhai alimnyang'anya simu. "Hiren, ni mimi!"

"Nimesh, beta, mwanangu," Hiren alisema, na sauti yake ikavunjika, "jinsi sauti yako imekuwa kama ya baba yako! Jikaze. Mama anakutegemea." Akakata.

Hawakupata nafasi ya kumpigia tena. Getini alikuwa amesimama jirani yao Wakonyo, mkate mkononi na maziwa ya pakiti kwapani, amemkazia macho Jashbhai aliyetoka barazani.

"Injinia."

"Wakonyo."

"Ati ni wewe?"

"Ni mimi."

Wakonyo aliutazama mkate, akautazama mlango, akamtazama tena Jashbhai. "Na sasa hii mkate?"

"Lete tunywe nayo chai."

Aliuleta. Aliketi ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, na kwa kuwa alikuwa amekuja kutoa pole na hakuwa na neno lingine, aliitoa. "Pole, lakini."

"Asante."

"Nyinyi huwa mnachomanga mtu, sindio? Wewe wangekupeleka Nairobi ama ni hapa hapa?"

"Bado sijaambiwa," Jashbhai alisema.

Hemlata aliinuka akaingia ndani.

Nimesh alifika kutoka dukani kwake mjini, anakouza mabomba na mifereji. Alikuwa amepewa pole na wateja tangu afungue mlango. Wengine walimkumbatia, mmoja alimlilia shingoni, kisha akauliza bei ya koki. Aliingia bila kuvua viatu, jambo ambalo halifanyiki katika nyumba ile, na mama yake hakuligundua.

"Nani aliwapa hiyo picha?" Hemlata alimuuliza.

"Mimi. Walitaka picha nzuri."

"Na miaka?"

Nimesh alijitia kutafuta kitu kwenye simu. "Waliniuliza amefanya kazi kutoka lini mpaka lini."

Jashbhai aliweka kikombe chini. "Mpaka lini," alisema. "Ukawaambia mpaka mwaka huu."

"Papa..."

"Mwaka huu niko na ukuta!"

"Kila mwaka uko na ukuta! Juzi umekosa ngazi, fundi wako Theuri akakushika kwa mshipi. Theuri mwenyewe alinipigia. Nilitaka uache ukiwa unapigiwa makofi, Papa, si ukiwa umebebwa."

"Kwa hivyo maua ni yao," Jashbhai alisema, "lakini kistari cha kati ya miaka ni chako."

Wakonyo, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja la Kigujarati chao, alijua wakati umefika wa kwenda nyumbani, lakini hakujua kama ni adabu kuondoka katika matanga yasiyo na maiti. Akabaki.

Ukuta aliousema ulikuwa wa mbele wa ghala la zamani la mawe ya kuchonga, katikati ya mji wa Nyeri. Mama mmoja mfanyabiashara, Nduta, alikuwa amelinunua ili aliangushe na kujenga ghorofa za maduka. Jashbhai alimfuata mara nyingi akimsihi aubakishe ukuta ule, uwe uso wa jengo jipya. Ulikuwa na ufa kutoka paa mpaka dirishani, na tumbo lake lilikuwa limetoka nje. Aliahidi kuufunga kutoka ndani bila kuuachia kovu. Nduta alikubali kwa sharti moja: Jashbhai mwenyewe, kwa jina lake, aujibie. Yeye asipokuwepo, ukuta ungeanguka pamoja na mengine.

Kazi yenyewe haina haraka. Jiwe hutobolewa kwa mashine isiyogonga, ili ukuta usishtuke. Ndani huingizwa chuma kilichovishwa mfuko wa kitambaa, na uji wa simiti husukumwa mfukoni polepole mpaka uvimbe na kujaza kila uwazi ambao jicho haliufikii. Mafundi waliuita mfuko ule soksi. Mpaka uji ukauke na chuma kijaribiwe, ukuta husimama kwa kuegemezwa magogo.

Gari liliingia getini. Alikuwa Wachuka, mwenyekiti wa akina mama wa Gatitu, amevaa gauni la kitenge na kilemba cha rangi ileile. Hata salamu hakuimaliza.

"Mama Nimesh, watu wananipigia wananitukana. Ati nimeua mtu! Nimefanya nini mimi?"

"Ulimvisha maua," Hemlata alisema.

"Si niliona hapo!" Wachuka alielekeza kidole juu ya televisheni. "Siku ile nilikuja kuwaambia juu ya sherehe. Niliona huyo mzee na maua yake, nikauliza ni nani. Mkasema ni babake Injinia, alikuwa fundi kushinda wote. Nikajiambia, aa, kumbe hivi ndio Wahindi wanaheshimu mtu wao."

"Amekufa."

"Mngesema!"

"Ungeuliza!"

"Mtu atauliza aje kama mzee wa watu amekufa, na amewekewa chevda ya kutafuna kwa sahani?"

Jashbhai alianza kucheka tena, akamwona mkewe, akaacha. Wachuka alikalia kiti cha karibu, akafungua mkoba, akaufunga. Alikuwa mwanamke wa kupanga mambo, na jambo hili lilikataa kupangwa.

"Sasa nitoe maua?" aliuliza. "Kwa simu naweza kusema wafute. Lakini kwa ukumbi kuna picha kubwa, na tumeweka maua ya ukweli. Nyawira ametoa shamba yake yote. Nikiyatoa ni vizuri, ama ni vibaya zaidi?"

Walimgeukia Hemlata. Hemlata hakujua. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya na shada la mtu anayepumua. Kuliondoa kulikuwa kukiri kwamba liliwekwa kwa haki, na kuliacha kulimfanya yeye kuwa kitu asichoweza kukitaja. Nimesh alikuwa amempigia kasisi wao wa Nairobi njiani. Kasisi aliuliza kama baba ni mzima, akaambiwa ni mzima, akasema subiri nitakupigia. Hakuwa amepiga.

"Ukuta wetu ulikuwa unataka kuangukia watoto wa nasari," Wachuka alisema kwa sauti ya chini. "Injinia akakuja akaushika. Sisi tulitaka tu kumwambia asante akiwa hai."

Simu ya Nimesh ililia. Alikuwa Theuri, fundi mkuu wa Jashbhai, akipiga kutoka ghalani, na alikuwa analia.

"Nimesh, pole sana, pole. Sikutaka kukusumbua leo. Lakini hapa nifanye nini? Nduta ameona tangazo. Ameleta Griffins na tingatinga. Wanasema magogo yatoke, ukuta uende, kwa sababu Injinia hayuko."

Jashbhai aliinama kwenye simu. "Theuri. Usiguse gogo hata moja."

Walisikia mshindo wa kitu kigumu kugonga kitu kigumu, halafu hakukuwa na sauti.

"Ameangusha simu," Nimesh alisema.

Hemlata aliingia chumbani, akatoka amevaa sari nyekundu ya Diwali, isiyovaliwa na mjane, bangili mpaka katikati ya mkono, saa nne ya asubuhi.

"Twendeni," alisema. "Anayetaka kuniona, anione hivi."

Mbele ya ghala watu walikuwa wamejaa barabarani, kama wanavyojaa mahali popote penye tingatinga. Jashbhai alipoteremka kwenye pikapu ya Nimesh, gari la Wachuka likiwa nyuma yao, kijana mwenye koti la kung'aa alimzuia kwa kiganja kifuani. Huyo ndiye Griffins, mwenye kazi ya kubomoa.

"Mzee, rudi nyuma. Hapa ni hatari."

"Mimi ndiye injinia wa hii kazi."

"Injinia alifariki, mzee. Tafadhali."

Theuri alikuja mbio kutoka ndani. Hakumsalimia bosi wake. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, viganja chini, kama anayekagua bidhaa, kisha akampa Griffins mgongo ili asionekane anavyofuta macho.

Nduta alikuwa chini ya mwavuli, viatu vya mjini vimejaa vumbi. "Ngai!" alisema. Alimfinya Jashbhai mkononi kabla hajajua anachofanya, akaona haya. "Na nimetuma rambirambi. Asubuhi. Kwa namba ya Nimesh."

Wote walimgeukia Nimesh.

"Zimekuwa zikiingia tu," Nimesh alisema. "Nitarudisha."

"Mimi usinirudishie. Pesa ya kifo siwezi ingiza kwa nyumba yangu."

"Na mimi niipeleke wapi?"

Nduta alikung'uta kiatu kwenye jiwe. Alipozungumza tena alimwambia Nimesh, ingawa Jashbhai alikuwa katikati yao.

"Nimesh, si mimi ni mbaya. Hata kama hakufa, hiyo tangazo imesema amemaliza. Kuna mwaka wa kuanza na kuna mwaka wa kumaliza. Nikiachiwa ukuta na mtu amemaliza, na uangukie mpangaji wangu, nitaita nani? Niambie ukweli. Baba yako bado anafanya kazi, ama ameacha?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Nimesh angesema neno moja tu, na leo hii baba yake angekuwa Gatitu akila wali, kesho barazani, keshokutwa barazani. Alimwangalia baba yake. Jashbhai hakumwangalia, alikuwa ameinua uso kwenye ukuta wake.

"Muulize mwenyewe," Nimesh alisema. "Si yuko hapa?"

"Vyuma vya safu ya chini vimekauka," Jashbhai alisema. "Tuvute kimoja sasa hivi, mbele yako. Kikishika, ukuta unakaa. Kikitoka, Griffins aendelee, na mimi niende Gatitu nikavae maua yangu."

"Kikitoka kidogo?"

"Kikitoka hata unene wa ukucha."

Nduta alifikiri. "Haya."

Theuri alifunga jeki kwenye kichwa cha chuma kilichochomoza ukutani. Juu ya jeki palikuwa na geji, uso wa kioo wenye sindano na alama nyekundu mahali sindano ilipotakiwa kufika na kutulia bila kurudi nyuma. Jashbhai alipanda jukwaa la mbao. Nimesh alimfuata mpaka chini ya ngazi, mkono karibu na mshipi wa baba yake, bila kuugusa. Theuri alikaa kwenye pampu upande wa pili, ambako geji ilikuwa imempa mgongo.

"Piga," Jashbhai alisema.

Theuri alipiga pampu. Mafuta yalilia ndani ya jeki.

"Imefika ngapi?" Nduta aliuliza kutoka chini.

Jashbhai alitoa kitambaa, akapangusa kioo. Akakisogelea, akapangusa tena. Kidole gumba chake kilizunguka kioo taratibu, na Hemlata akakitambua kidole hicho. Ndicho kilichozunguka vifuniko vya dawa nyumbani, kabla hajavifungua na kunusa.

Alipandisha sari, akashika ngazi.

"Mama! Mama, kofia!" Griffins alipiga kelele, akamkimbilia, akamvisha yake juu ya nywele zilizopakwa mafuta. Hakujua la kumfanya mwanamke mwenye bangili anayepanda jukwaa, kwa hiyo alimshikia ngazi.

"Rudi chini," Jashbhai alimwambia kwa Kigujarati.

"Nipishe."

"Watu wanaona."

"Nipishe nione na mimi."

Alimpisha. Hemlata aliinamia kioo. Sindano ilikuwa mbali na alama nyekundu. Hakuna mwingine aliyekuwa akiiona, ni yeye peke yake, na jambo hilo lilimjia lote kwa mara moja. Akisema imerudi nyuma, tingatinga litaingia, ukuta utaanguka, na mtu wake atakuja nyumbani asipande tena. Alikuwa ameomba hivyo kila asubuhi mbele ya miungu yake. Sasa alikuwa amepewa, na hakujua kama amepewa au anajaribiwa.

"Ishirini," alisema.

"Piga," Jashbhai alimwambia Theuri.

"Ishirini na tano."

"Piga. Polepole."

"Thelathini. Imeingia kwa nyekundu."

"Acha pampu. Imetulia?"

Sindano ilitetemeka. Au jukwaa lilitetemeka. Au ni yeye. Aliushika ukuta kwa kiganja, jiwe lilikuwa baridi na halikusogea, akaangalia tena.

"Ngoja," alisema.

Walingoja. Barabarani watu walingoja pia, hata wale ambao hawakujua kinachongojwa.

"Imetulia."

"Sema kwa nguvu wasikie."

"Imetulia!" Hemlata alisema kwa Kiswahili, juu ya vichwa vya watu wa Nyeri, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Makofi machache yalipigwa. Nduta alifunga mwavuli. Griffins aliuliza siku yake ya tingatinga italipwa na nani. Mambo yangeishia hapo. Lakini Jashbhai hakushuka. Alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili, uso chini.

"Mama Nduta, mimi sikuiona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Geji. Ukuta nauona. Ufa nauona. Namba sizioni, tangu mvua ndefu."

Theuri alifunga macho. Nimesh, chini ya ngazi, alikuwa ametaka kuyasikia maneno yale kwa muda mrefu sana, kwa faragha, mezani, na sasa yalikuwa yamesemwa mbele ya wapita njia na wauza mahindi. Alitaka yarudi mdomoni yalikotoka.

"Kwa hivyo nani amesoma?" Nduta aliuliza.

"Huyu."

"Mama Nimesh? Anajua kusoma hiyo kitu?"

"Ni sindano na namba," Hemlata alisema. Hasira ndiyo iliyokuwa imemshikilia. "Nimesoma mizani ya duka, nimesoma homa za watoto, nimesoma mita ya stima. Kama unaona nadanganya, panda usome."

Nduta alimkabidhi Wachuka mwavuli. Alivua viatu, akamkabidhi navyo. Alipanda kwa soksi ndefu, akilalamika kila hatua, akaja akasimama upande wa pili wa kioo, bega lake likigusa sari nyekundu. Aliangalia kwa muda. Alimwangalia Jashbhai, ambaye alikuwa anaangalia angani kama mtu anayepimwa nguo. Aliangalia tena.

"Ni thelathini," alisema, kama mwenye kukosewa. "Imekaa tu hapo."

"Basi?" Jashbhai aliuliza.

"Basi nini? Nilisema ikishika. Imeshika." Alianza kushuka, akasimama katikati ya ngazi. "Lakini hizo zingine zikisomwa, nataka huyu ndiye asome. Wewe sema, yeye asome. Ama sivyo naita Griffins."

Simu ya Wachuka ililia, naye alikuwa na viatu mkono mmoja na mwavuli mkono mwingine. Aliibana begani. Walisikia sauti za akina mama wengi kwa pamoja. "Wanauliza," alisema kwa juu. "Ukumbi umejaa, chakula iko tayari, na wengine wamekuja na nguo nyeusi. Injinia, niwaambie nini? Unakuja, ama hukuji?"

Jashbhai alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia.

Hemlata alikaza kofia ya Griffins chini ya kidevu chake, akavuta pindo la sari asilikanyage.

"Theuri," alisema, "chuma ya pili iko wapi?"

Theuri alimtazama Jashbhai. Jashbhai aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya mkewe.

"Si umeulizwa?" alimwambia fundi wake. "Hamisha jeki."